Usanisi kamili au kemia ya vichocheo: ni kigezo gani kitumike kuchagua maabara ya uzamivu?

Mwanauzamili (swali)

Wanajamvi, salamu. Ninakamilisha shahada ya uzamili katika kemia ogania, na nimekubaliwa na maabara mbili kwa ajili ya masomo ya uzamivu. Ya kwanza hufanya usanisi kamili wa molekuli asilia, yaani huchukua molekuli tata iliyopatikana katika mmea, kuvu au bakteria na kuijenga upya kuanzia kemikali rahisi zinazonunuliwa. Ya pili hubuni vichocheo, hasa vya paladiamu na nikeli, vya kuunganisha kaboni na kaboni au kaboni na naitrojeni. Wasimamizi wote wawili wanaheshimika na makala zao zinasomwa, kwa hiyo kigezo hicho hakinisaidii kuamua.

Napenda kazi ya mikono. Kutenganisha mchanganyiko kwa kromatografia ya safu hakunichoshi, na spektra za NMR, yaani michoro ya kutambulia muundo wa molekuli, nazisoma bila taabu. Kinachonitia wasiwasi ni kinetiki, yaani elimu ya kasi ya mimenyuko, kwa sababu katika shahada ya kwanza ilifundishwa kama rundo la milinganyo, na sikuwahi kuona milinganyo hiyo ikimfaa mtu aliyesimama mbele ya flaski. Naomba kujua mambo mawili. Je, mtu asiyependa kinetiki anaweza kuwa mtafiti mzuri wa vichocheo? Na kati ya njia hizi mbili, ni ipi inayomwachia mtu ujuzi utakaobaki na thamani hata mada ya tasnifu yake ikishapitwa na wakati? Nasikia pia kwamba kompyuta sasa zinapanga zenyewe njia za usanisi, na baadhi ya wenzangu wanalitaja jambo hilo kuwa sababu ya kuikimbia fani nzima.

Mtafiti wa vichocheo

Ndugu Mwanauzamili, nianze na kinetiki, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua mengine. Kila dai kuhusu kichocheo ni dai kuhusu kasi. Berzelius alipolipa jambo hili jina mwaka 1835 alidhani kuna nguvu ya pekee ndani yake. Ostwald, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, ndiye aliyelirudisha mahali pake kwa kusisitiza kwamba kichocheo hubadili kasi ya mmenyuko bila kubadili mahali ambapo msawazo wake utakaa. Kwa hiyo mtu asiyetaka kabisa kushughulika na kasi ataweza kuwa fundi mzuri wa kupima ligandi mia moja, yaani molekuli zinazoishika metali ya kichocheo, na kuchagua iliyotoa mazao mengi, lakini hataweza kueleza kwa nini hiyo moja ilishinda, wala afanye nini siku itakaposhindwa.

Habari njema ni kwamba kinetiki inayotumika maabara haifanani na ile uliyofundishwa. Tuseme unaunganisha halidi ya arili na amini kwa kichocheo cha paladiamu, na umeanza na moli 0.40 za halidi na moli 0.48 za amini katika kila lita. Mmenyuko unaanza vizuri, kisha unazorota kuliko ulivyotarajia. Je, kichocheo kinakufa? Au zao linakishika kisifanye kazi? Au ni viambato tu vinavyopungua, kama ilivyo kawaida? Unaandaa flaski ya pili yenye halidi 0.20 na amini 0.28, pamoja na kiasi kilekile cha kichocheo. Tofauti kati ya viambato viwili imebaki 0.08, hivyo flaski ya pili inaanzia palepale ambapo ya kwanza ilifika halidi ilipokuwa imebaki nusu, isipokuwa kwamba ndani yake hamna zao na kichocheo chake bado hakijafanya kazi. Unachora mikondo miwili ya kiasi cha halidi dhidi ya muda, kisha unausogeza wa pili mpaka mwanzo wake ukae juu ya nukta ile ya nusu. Mikondo ikilaliana, kichocheo ni kizima na zao halikisumbui. Wa pili ukienda kasi zaidi, unaandaa flaski ya tatu kama ya pili, lakini unaitilia zao 0.20 tangu mwanzo: ikirudi kulaliana na ya kwanza, mkosaji ni zao, ikibaki na kasi yake, kichocheo kinakufa njiani. Donna Blackmond alieleza mbinu hii kwa mapana mwaka 2005, na ukiitazama utaona kwamba hesabu yake haizidi kutoa na kuchora.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo naona ndilo zito. Ujuzi unaobaki kwa mtu aliyelelewa vizuri katika kemia ya vichocheo ni wa kuyatilia shaka matokeo yake mwenyewe, hasa yale mazuri. Fani hii ina historia ndefu ya vichocheo ambavyo havikuwa vichocheo. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa kwamba mmenyuko wa Suzuki, ambao huunganisha kaboni na kaboni na kwa kawaida huhitaji paladiamu, unaweza kwenda katika maji yaliyopashwa moto kwa mikrowevu bila metali yoyote. Mwaka 2005 maabara ileile, kwa uadilifu unaostahili kuigwa, ilionyesha kwamba sodiamu kaboneti waliyoitumia kama besi ilikuwa na paladiamu kidogo mno, kiasi cha sehemu 50 katika bilioni, na kwamba hicho kidogo kilitosha. Mwaka 2009 ikaja zamu ya chuma: baadhi ya mimenyuko iliyosifiwa kuwa inachochewa na kloridi ya chuma ilionekana kuendeshwa na shaba iliyokuwamo ndani ya chumvi hiyo kama uchafu. Hata mwaka 2021 ilitoka makala iliyodai kwamba amini peke yake inachochea mmenyuko wa aina ya Suzuki, nayo ikaondolewa kabla mwaka haujaisha, baada ya kubainika kwamba paladiamu iliyotumika kutengeneza amini hiyo ilikuwa imebaki ndani yake.

Usidhani uchafu huo hutoka kwenye kemikali pekee. Chukua kikorogeo cha sumaku kilichotumika mara nyingi, kile chenye ganda jeupe la Teflon, ukitazame kwa karibu kwenye mwanga. Utaona mikwaruzo na madoa ya kijivu au meusi yasiyotoka kwa asetoni. Ndani ya mikwaruzo hiyo metali hukaa, na imeonyeshwa kwamba inaweza kuchochea mmenyuko unaofuata. Ndiyo maana maabara makini huwa na vikorogeo vipya vilivyotengwa kwa majaribio ya ulinganisho, yaani yale yanayorudia kila kitu isipokuwa kichocheo.

Mfano wa mwisho, na naomba mnivumilie kwa urefu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakemia wa viwanda vya dawa walijua kwamba prolini, asidi amino ya kawaida kabisa, inaweza kuchochea mmenyuko wa aldoli ndani ya molekuli moja na kutoa zaidi umbo moja kati ya mawili yanayotazamana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Jambo hilo lilibaki kuwa kioja cha pembeni kwa takriban miaka 30. Mwaka 2000 Benjamin List alijiuliza kama prolini inaweza kufanya vivyo hivyo kati ya molekuli mbili tofauti, na mwaka huohuo David MacMillan akaonyesha kichocheo kingine cha ogania kisicho na metali kwa mmenyuko wa Diels-Alder. Wakagawana Nobel ya mwaka 2021. Prolini ilikuwa kwenye rafu za maabara muda wote huo. Lililokosekana ni mtu wa kuuliza inafanyaje kazi.

Mjenzi wa molekuli

Mwenzangu ameandika vizuri, ila naona ameupita usanisi kamili kimyakimya, nami sikubali.

Anayejenga molekuli asilia hulazimika kufahamu mimenyuko ya aina zote, si familia moja, na hulazimika kuifahamu katika mazingira magumu. Makala ya kichocheo kipya huwa na jedwali la viambato, na ukiyachunguza majedwali mengi utakuta pete ya benzini yenye kundi la methili hapa, florini pale, na kidogo sana zaidi ya hapo. Kichocheo hichohicho ukikipeleka kwenye molekuli yenye vikundi vitatu vya alkoholi, kiungo maradufu kinachopenda kuhama na amini iliyo huru, mara nyingi kinakaa kimya. Anayeligundua hilo, na anayelazimika kutafuta njia ya kulivuka, ni mtu wa usanisi kamili.

Halafu kuna nidhamu ya hesabu ambayo hakuna anayeweza kuikwepa. Njia ya hatua 20 zinazofuatana, kila moja ikitoa asilimia 90, inakuachia takriban asilimia 12 mwishoni. Kila hatua ikitoa asilimia 80, unabaki na asilimia 1 na kidogo. Ukiigawa njia hiyo katika matawi mawili ya hatua 10 kila moja na kuyaunganisha mwishoni, tawi refu linakuwa na hatua 11 tu, na kwa asilimia 90 kila hatua unabaki na asilimia 31. Kufikiri namna hii, kwa kuanzia kwenye molekuli unayoitaka na kurudi nyuma kiungo kwa kiungo, ndiko Elias Corey alikokuwekea kanuni, akapewa Nobel mwaka 1990. Mtu akishakuzoea hakumtoki, awe anajenga dawa, rangi au plastiki.

Na tusisahau kwamba nadharia nayo hutoka huku. Vitamini B12 ilijengwa na makundi ya Robert Woodward na Albert Eschenmoser, kazi iliyokamilika mwaka 1972 baada ya kupitia mikono ya watu wapatao mia moja. Katikati ya kazi hiyo kulitokea mimenyuko ya kufunga pete iliyotoa umbo ambalo halikutarajiwa. Woodward hakuitupa, aliipeleka kwa Roald Hoffmann, na kuanzia mwaka 1965 wakachapisha kanuni za ulinganifu wa obiti ambazo leo kila mwanafunzi wa kemia ogania anazisoma.

Naongeza neno moja la tahadhari ili nisionekane napiga debe. Katika usanisi kamili mtu anaweza kukaa miaka mitatu kwenye hatua ya 17 isiyokubali kwenda, na mwishowe tasnifu yake ikawa maelezo marefu ya njia iliyofungwa. Kama huwezi kulivumilia hilo, hesabu zote nilizotoa hazitakufaa.

Mkemia wa kiwandani

Nimefanya kazi upande wa uzalishaji wa dawa kwa muda mrefu na nimeketi kwenye usaili wa wakemia wengi. Hatuulizi sana kama mtu alitoka usanisi kamili au vichocheo. Tunampa mmenyuko mmoja kutoka kwenye tasnifu yake mwenyewe, tunamuuliza joto lilitoka wapi, uchafu mkuu ulikuwa upi na ulizaliwa katika hatua gani, kisha tunanyamaza tumsikilize.

Ndugu yangu anayeelekea kwenye vichocheo ajue pia kwamba vigezo vya kiwandani haviko sawa na vya majarida. Kichocheo cha asilimia 5 ya moli, hata kikitoa mazao kamili, kimezunguka mara 20 tu, yaani kila molekuli yake imefanya kazi mara 20. Kiwandani tunataka mizunguko kwa maelfu, na asilimia 0.01 ya moli ikifanya kazi hiyohiyo ina maana ya mizunguko 10,000. Gharama ya paladiamu ni sababu mojawapo, lakini kwa dawa kuna sababu nyingine inayowasumbua watu zaidi: metali lazima iondolewe. Mwongozo wa kimataifa wa uchafu wa elementi katika dawa, ICH Q3D, unaweka kikomo cha mikrogramu 100 za paladiamu kwa siku kwa dawa ya kumeza, na 10 tu kwa dawa ya sindano. Ligandi inayoishika paladiamu kwa nguvu ili isife inaweza kuwa ndiyo hiyo inayoisindikiza mpaka kwenye fuwele za mwisho.

Joto nalo. Ukikikuza chombo mara 10 kwa upana na kimo, ujazo unakua mara 1,000 na eneo la kuta zinazopozwa linakua mara 100 pekee. Mmenyuko uliokuwa unapashwa moto taratibu kwenye flaski ya mililita 50 unaweza kushindwa kupozwa kwenye tangi. Hili halimo kwenye jedwali la makala yoyote ya kichocheo niliyowahi kusoma kwa ajili ya kazi, na mwanafunzi aliyewahi walau kupima joto la mmenyuko wake kwa kalorimita tunamkumbuka baada ya usaili.

Kuhusu taka, Roger Sheldon alipendekeza mwaka 1992 kupima kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Kwa kemikali za wingi alikuta kilo moja hadi tano hivi, wakati mwingine pungufu ya moja. Kwa dawa alikuta kuanzia 25 hadi zaidi ya 100. Tarakimu hizo ndizo ajira yenu, nyinyi watu wa vichocheo. William Knowles alikuwa mkemia wa kampuni, Monsanto, hakuwa profesa. Kichocheo chake cha rodiamu kilitumika kutengeneza L-DOPA, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, kwa umbo lile moja linalofaa badala ya kutengeneza mchanganyiko wa yote mawili na kutupa nusu. Akashiriki Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Ryoji Noyori na Barry Sharpless.

Mwanauzamili

Nawashukuru nyote, wakubwa zangu. Mfano wa flaski tatu nimeuchora kwenye karatasi na kwa mara ya kwanza nimeona kinetiki inamjibu mtu swali. Nabaki na mawili. La kompyuta halijaguswa. Na pili, nimealikwa kuzitembelea maabara zote mbili kabla ya kujibu. Kwa mtu atakayekaa humo siku moja tu, ni kitu gani cha kutazama au kuuliza ambacho tovuti ya maabara haiwezi kumwambia?

Mtafiti wa vichocheo

La kompyuta ni fupi. Corey na Wipke walichapisha programu ya kupanga usanisi mwaka 1969, kwa hiyo fani hii imeishi na wazo hilo kwa zaidi ya nusu karne. Programu za leo ni hodari kweli katika kupendekeza njia ya molekuli ya ukubwa wa kawaida, nami ninazitumia. Udhaifu wake mkubwa unatokana na chakula chake: majarida huchapisha mimenyuko iliyokwenda, na iliyokataa hubaki ndani ya madaftari, hivyo programu imesoma ushindi mwingi na kushindwa kidogo. Kwa vichocheo kuna ugumu wa ziada. Kwenye joto la kawaida la chumba, uwiano wa 99 kwa 1 kati ya yale maumbo mawili ya kioo unatokana na tofauti ya kilojuli 11 hivi kwa moli kati ya vizuizi viwili vya nishati. Hesabu ya kompyuta ikikosea kwa kilojuli 6 kwa moli, jambo ambalo si la ajabu kwa changamano la metali ndani ya kiyeyusho, utabiri unaweza kushuka hadi uwiano wa takriban 9 kwa 1. Kompyuta itakupunguzia majaribio ya kufanya, na majaribio yaliyobaki bado utayafanya wewe.

Kuhusu ziara, usitumie muda mwingi na msimamizi. Kaa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne, umwombe akuonyeshe mmenyuko ambao haukwenda, na uangalie anavyoitafuta kumbukumbu yake. Akifungua daftari au faili na kukuonyesha tarehe, namba ya chupa ya kemikali, spektra ya mchanganyiko ghafi na alichokiamua baada yake, maabara hiyo ina elimu ndani yake. Akikuambia kwamba yasiyokwenda huwa hawayaandiki, umeshapata jibu, hata kama ukutani kuna makala za majarida makubwa. Muulize pia ni nani mwingine ameurudia mmenyuko wao bora kwa mikono yake, akifuata maandishi pekee bila kuelekezwa na aliyeugundua.

Mjenzi wa molekuli

Hapo tumekubaliana. Mimi naongeza la usalama, kwa kuwa hakuna anayelitaja kwenye tovuti. Pita kwenye makabati ya kufyonza gesi wakati watu wako kazini, uone kama vioo vimeshushwa, kama anayetumia butili-lithi, kemikali inayoweza kuwaka yenyewe hewani, ana mwenzake karibu, na kama glavu zinachaguliwa kulingana na kemikali iliyopo. Karen Wetterhahn, profesa wa kemia huko Dartmouth aliyekuwa mtaalamu wa metali zenye sumu, alidondokewa mwaka 1996 na matone machache ya zebaki dimethili yaliyopenya glavu ya mpira, akafariki mwaka 1997. Alikuwa amefuata tahadhari zilizokubalika wakati huo. Baada ya kifo chake ndipo ilipofahamika kwa upana kwamba glavu za aina ile hazizuii kimiminika hicho hata kwa dakika moja.

Mkemia wa kiwandani

Mwulize pia mwanafunzi huyo wa mwaka wa nne waliomaliza kabla yake wako wapi sasa, wote, wakiwemo walioondoka bila shahada. Msimamizi atakutajia waliofaulu. Mwanafunzi atakutajia waliosalia, na pengine atakupa anwani ya mmoja wao. Mwandikie huyo kabla hujajibu barua ya maabara yoyote.